Netiboli Inalipa? Ushauri kwa Binti Anayetaka Kuishi kwa Mpira wa Pete

Kila UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, inapokwisha, maswali huwa yale yale. Binti amewika kwenye timu ya mkoa, mwalimu wa michezo amemwambia atafika mbali, na sasa nyumbani wanataka kujua huko mbali ni wapi. Kuna mshahara? Aache shule? Kuna mtu amepiga simu anasema anamtafutia timu Ulaya, apewe pasipoti au asipewe?

Jibu la swali la kwanza ni ndiyo. Wapo wanawake wa ukanda huu wanaoishi kwa netiboli. Peace Proscovia wa Uganda amechezea Loughborough Lightning na Surrey Storm za Uingereza, pia Sunshine Coast Lightning ya Australia. Mganda mwenzake, Mary Cholhok, amekuwa bingwa wa ligi ya Uingereza akiwa na Loughborough Lightning. Kutoka Malawi, Mwai Kumwenda alitwaa ubingwa wa Australia na Melbourne Vixens mwaka 2020, na Joyce Mvula amebeba kombe la Uingereza na Manchester Thunder.

Ila usiishie kwenye majina hayo. Wachezaji wengi wanaokula kwa netiboli Afrika Mashariki hawana mkataba wa mchezaji hata kidogo. Wana barua ya ajira. Binti asiyelijua hilo mapema hupoteza miaka akisubiri simu ya London wakati tangazo la nafasi za kazi limebandikwa ofisi ya mkuu wa wilaya.

Nani hasa anatoa pesa

Soma majina ya timu zinazotamba. Tanzania Bara utaona JKT Mbweni, Jeshi Stars, Uhamiaji, Magereza, Polisi. Zanzibar kuna JKU, KVZ na Zimamoto. Kampala kuna Prisons, UPDF, KCCA ambayo ni mamlaka ya jiji, na NIC ya kampuni ya bima. Hizo zote ni taasisi zenye bajeti ya mishahara, na mchezaji huingia humo kama askari, karani, ofisa au mtumishi, kisha anapewa muda wa mazoezi. Mshahara wake unatoka kwenye cheo, si kwenye magoli. Akivunjika mguu, mshahara haukatiki. Akistaafu mpira, kazi ipo.

Kwa hiyo milango ni mitatu:

- Ajira ya taasisi. Huu ndio mlango mpana zaidi, na ndio unaodharauliwa zaidi. Hata nje ya majeshi, SHIMIWI ya wizara na idara, SHIMUTA ya mashirika na makampuni na SHIMISEMITA ya serikali za mitaa zote zina netiboli, na mtumishi anayejua kucheza huthaminiwa sana pale.
- Masomo. Vyuo vyenye timu nzuri huweza kukusaidia ada au malazi. Msaada huo mara nyingi hauandikwi popote, kwa hiyo uombe kwa maandishi.
- Ligi za nje. Zinazolipa mishahara ya maana zinahesabika kwa vidole: Super Netball ya Australia, ANZ Premiership ya New Zealand, na Superleague ya Uingereza.

Mlango wa tatu ni mwembamba kuliko watu wanavyodhani. Super Netball ilianza mwaka 2017 ikiwa na timu 8, kila moja ikisajili wachezaji 10. Nafasi 80 hizo zinagombewa na Waaustralia wenyewe, Wajamaika, Waingereza na Waafrika Kusini. Ilipoanza, kima cha chini cha mshahara kilikuwa dola 27,375 za Australia kwa mwaka na wastani ulikuwa dola 67,500. Ni fedha nzuri kwetu, lakini kule mtu analipa kodi ya nyumba ya kule. Uingereza mshahara umekuwa mdogo zaidi, na kwa miaka mingi wachezaji wa Superleague wamekuwa walimu, wauguzi au wanafunzi wanaofanya mazoezi jioni. Ligi hiyo ilipangwa upya mwaka 2025 kwa timu 8 ili ielekee kwenye kulipa kikamilifu. Bado inaelekea.

Hata Australia si peponi. Mwaka 2023 wachezaji na chama cha netiboli cha nchi hiyo walivutana juu ya mgawo wa mapato, na wachezaji wakakaa wiki kadhaa bila mkataba wala mshahara hadi walipofikia makubaliano mwezi Desemba. Kama hayo yanatokea kwenye ligi tajiri kuliko zote, usije ukaacha kazi ya kudumu kwa ahadi ya mdomo.

Jambo jingine wazazi hawaambiwi. Netiboli haijawahi kuchezwa kwenye Olimpiki, ingawa kamati ya kimataifa iliutambua mchezo huu mwaka 1995. Majukwaa yake makubwa ni Kombe la Dunia, lililoanza Eastbourne, Uingereza, mwaka 1963, na Michezo ya Jumuiya ya Madola, ambako netiboli iliingia Kuala Lumpur mwaka 1998. Ndiyo maana timu ya taifa ina uzito kuliko kombe lolote la mkoa. Kombe la Dunia lilipofika Afrika kwa mara ya kwanza, Cape Town mwaka 2023, Uganda ilimaliza nafasi ya 5. Makocha wa klabu za nje walikuwa wanatazama pale, hawakuwa kwenye bonanza.

Hatua kwa umri

Kabla ya miaka 14. Cheza kila kitu. Kimbia, ruka, cheza mpira wa mikono. UMITASHUMTA ya shule za msingi inatosha. Mzazi asimwamshe mtoto alfajiri kumfanyisha mazoezi ya kijeshi.

Miaka 14 hadi 18. Hapa ndipo jina linapojengwa. Njia inajulikana: shule, kata, wilaya, mkoa, UMISSETA taifa, na kwa timu za shule zinazofanya vizuri, mashindano ya shule za Afrika Mashariki ya FEASSSA. Mambo ya kufanya katika umri huu:

1. Faulu kidato cha nne. Sisemi hivi kwa kuwa ndivyo wazee husema. Nafasi za majeshi na vyuo hutaka cheti, na mchezaji bora asiye na cheti huachwa nje huku wa akiba wake akiajiriwa.
2. Pata cheti cha kuzaliwa chenye jina lilelile lililoko shuleni. Neema Juma wa cheti na Neema J. Hamisi wa mtihani ni watu wawili mbele ya ofisa wa pasipoti.
3. Jisajili klabu ya mtaani au ya wilaya inayotambuliwa na chama, ili ucheze na watu wazima walau mara moja kwa wiki. CHANETA kwa Bara na CHANEZA kwa Zanzibar wana viongozi wa mikoa. Mwalimu wako wa michezo anawajua.

Miaka 18 hadi 23. Ingia taasisi au chuo. Tafuta kuitwa kambi ya timu ya taifa, Taifa Queens kwa Tanzania. Ukipata mwaliko wa nje, ni katika umri huu.

Baada ya 23. Nitarudi hapo mwishoni, maana ndilo swali ninaloulizwa kwa uchungu zaidi.

Onyo: usikubali kuwa mamluki

Shule jirani itakufuata. Watakupa jina la mwanafunzi mwingine, watakupunguzia umri, watakupa viatu na posho ya siku kumi. Wengi hukubali, wakiamini ni mchezo wa watoto tu. Lakini ukishapigwa picha ukiwa na jina lisilo lako na miaka isiyo yako, ushahidi unabaki. Siku chama cha taifa kinapotuma majina ya mashindano ya vijana, au ubalozi unapolinganisha nyaraka, karatasi mbili zisizolingana zinatosha kukuondoa kwenye safari. Na mwalimu aliyekuchukua hatakuwepo kukutetea.

Nafasi gani uwanjani inauzika

Nitasema wazi. Tazama tena majina niliyoyataja mwanzo: Proscovia, Cholhok, Kumwenda, Mvula. Wote ni wafungaji. Klabu ya nje inapoamua kutoa viza, tiketi na nyumba, mara nyingi inatafuta mtu mrefu wa kusimama chini ya pete na kufunga. Wachezaji wa katikati inao wa nyumbani wa kutosha.

Basi kama una urefu na mikono inayodaka mpira wa juu, jifunze nafasi za ufungaji, GS na GA, au upande wa pili za ulinzi, GK na GD, hata kama kocha wako wa shule anakupenda katikati kwa sababu una mbio.

"Mimi ni mfupi, niache?" Hapana. Bongiwe Msomi wa Afrika Kusini hakuwa mrefu, alicheza katikati, WA na C, akawa nahodha wa nchi yake na akasajiliwa Uingereza na Australia. Lakini ujue mchezaji wa katikati lazima awe bora mara mbili ili aonekane mara moja. Kwa ajira za hapa nyumbani urefu hauna uzito huo, maana timu ya taasisi inahitaji watu saba wa kujaza nafasi zote na wa akiba.

Kwa wafungaji, makosa ninayoyaona kwenye viwanja vya shule ni haya:

- Pete isiyopimwa. Pete halali iko mita 3.05 kutoka ardhini. Nguzo nyingi za vijijini ni za mti uliochimbiwa kwa macho, na binti anazoea pete ya mita 2.8. Chukua futi kamba, pima, sogeza.
- Kufanyia mazoezi goli la kikapu. Urefu ni uleule, lakini pete ya kikapu ina upana wa sentimita 45 hivi na ubao wa kugongea. Ya netiboli ina sentimita 38 na haina ubao. Mpira wa kikapu utakudanganya kwamba una shabaha.
- Kufunga kutoka chini ya pete tu. Tangu 2020 Australia wana goli la pointi 2 katika dakika 5 za mwisho za kila robo, kwa mitupo ya kutoka ukingoni mwa duara. Duara lina nusu kipenyo cha mita 4.9. Mfungaji asiyeweza kutupa kutoka mita 4 anajipunguzia soko mwenyewe.
- Kutupa ukiwa umepumzika. Kimbia kwanza, dakika nzima, ndipo utupe kumi. Kwenye mechi hakuna atakayekusubiri upumue, na beki amesimama sentimita 90 mbele yako ameinua mikono.

Daftari na video

Kocha wa taasisi, wa chuo au wa nje atakuuliza kitu kimoja: nikuone wapi? Kumwambia "mimi ni mfungaji bora wa wilaya" si jibu. Andaa vitu viwili.

Daftari. Kila mechi andika tarehe, wapinzani, robo ulizocheza na nafasi uliyocheza. Mfungaji aandike mitupo na magoli: 31 kati ya 38 ina maana, "nilifunga mengi" haina. Beki aandike mipira aliyonyakua na faulo alizopigiwa filimbi. Mchezaji wa katikati aandike pasi zilizofika duara na zilizopotea. Mwambie mdogo wako au mchezaji wa akiba akuhesabie. Usijihesabie mwenyewe, utajipendelea.

Video. Simu ya kawaida inatosha, ukifuata haya:

- Simu ilale kwa upana, isisimame.
- Mpigaji akae juu kidogo, kwenye ngazi au gari, nyuma ya duara lako.
- Rekodi robo nzima bila kukata, dakika 15 zote. Vipande vya magoli matamu vyenye muziki wa bongofleva havimsaidii kocha. Anataka kuona unafanya nini mpira usipokuwa kwako, na unafanyaje baada ya kukosa.
- Andika mwanzoni jina, nafasi, urefu uliopimwa bila viatu, mwaka wa kuzaliwa na namba ya jezi.

Usidanganye urefu. Watakupima siku ya kwanza.

Tangazo la ajira

Hapa wengi huteleza kwa kudhani kocha wa timu ndiye anayeajiri. Kocha anaweza kukupendekeza, lakini tangazo lina masharti yake, na matangazo mengi ya majeshi hutaka mwombaji awe na umri usiozidi kiwango, awe na cheti cha kidato cha nne au sita, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), asiwe ameolewa wala kuwa na mtoto, na asiwe na tatuu. Utayapenda au utayachukia masharti hayo, lakini yasome kabla ya kuchora ua mkononi.

Mwandikie kocha wa timu barua fupi kabla tangazo halijatoka. Omba kufanya mazoezi nao. Timu nyingi hazikatai mtu wa kuongeza idadi mazoezini, na wakishakuzoea, tangazo likitoka watakuambia siku hiyohiyo.

Na hakuna ada ya kuajiriwa. Mtu anayeomba "pesa ya kumlainisha mkubwa" anakula nauli yako. Ripoti, au walau mkatie simu.

Simu ya kutoka nje

Sasa wakala. Anajua jina lako, ameona picha zako mtandaoni, anasema kuna timu inakuhitaji haraka. Kabla hujajibu chochote, uliza maswali haya na uandike majibu:

1. Timu inaitwaje, iko ligi gani? Tafuta orodha ya timu za ligi hiyo mwenyewe.
2. Nani kocha mkuu, na nitaongea naye lini kwa video?
3. Chama cha netiboli cha nchi yangu kinajua? Kama hakijui, kwa nini?
4. Viza ni ya aina gani?

Swali la nne ndilo linalowafichua. Kwa Uingereza, tangu Oktoba 2021 mwanamichezo wa kulipwa huingia kwa viza ya wanamichezo wa kimataifa, ambayo inahitaji barua ya kuidhinishwa na chama cha mchezo husika na cheti cha udhamini kutoka klabu yenyewe. Anayekuambia "ingia kwa utalii, tutabadilisha hukohuko" anakupeleka kwenye kosa la uhamiaji, au pabaya zaidi.

Kuhusu Ghuba niseme bila kuzunguka, kwa kuwa njia hiyo inajulikana Tanga, Mombasa na Unguja. Netiboli inayochezwa Dubai na miji jirani ni ya klabu za wakazi wa kigeni wanaokutana jioni baada ya kazi. Binti anayeahidiwa mshahara wa kucheza netiboli huko ana kila sababu ya kushuku kwamba kazi inayomsubiri ni ya ndani ya nyumba ya mtu. Kazi za ndani si aibu, lakini ziingiwe kwa mkataba wake, kwa jina lake, kupitia wakala aliyesajiliwa.

Wakala halali hulipwa asilimia ya mshahara wako baada ya wewe kulipwa. Hachukui fedha za kuanzia. Na pasipoti haishikwi na mtu, hata awe mjomba.

Mkataba ukija kweli, mpe mtu anayeijua lugha yake vizuri ausome, na mtafute haya:

- tarehe ya kuanza na kuisha, na nani anaweza kuuvunja kwa notisi ya siku ngapi;
- mshahara kabla ya kodi na baada ya kodi;
- nyumba, nauli ya mazoezini, na tiketi ya kurudi;
- ukiumia, nani analipa hospitali, na mshahara unaendelea kwa muda gani;
- ruhusa ya kuja kambi ya timu ya taifa;
- ukipata mimba, inakuwaje.

Usione haya kuuliza la mwisho. Makubaliano ya wachezaji wa Australia yaliyoanza na ligi mwaka 2017 yalilinda kipato cha mchezaji hadi miaka miwili kwa majeraha au ujauzito. Wenzetu waliliweka mezani, likaandikwa.

Goti lako

Kama ungesoma sehemu moja tu ya makala haya, ningechagua hii.

Sheria ya netiboli hairuhusu kutembea na mpira. Unadaka ukiwa hewani katika mbio, unatua, unasimama papo hapo, na una sekunde 3 za kuutoa mpira. Mzigo wote huo unaishia kwenye kifundo cha mguu na goti, ndiyo maana viungo hivyo viwili vinaongoza kwa majeraha katika mchezo huu. Kukatika kwa kano ya mbele ya goti huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume katika michezo ya kuruka na kugeuka, na mchezaji aliyefanyiwa upasuaji hurudi uwanjani baada ya miezi 9 hadi 12. Wengine hawarudi. Na sisi tunatua kwenye saruji na vumbi, si mbao.

Fanya haya, kila wiki, hata msimu ukiwa umeisha:

1. Jifunze kutua. Ruka, tua kwa miguu miwili, kunja magoti na nyonga, kifua mbele kidogo. Rekodi kwa simu kutoka mbele. Magoti yakikaribiana kama yanabusiana, punguza urefu wa kuruka mpaka yatulie. Kisha fanya kwa mguu mmoja.
2. Nguvu mara mbili kwa wiki: kuchuchumaa, kupanda benchi kwa mguu mmoja, na zoezi la nyama za nyuma ya paja ambapo mwenzako anashika vifundo nawe unashuka mbele polepole kutoka magotini.
3. Pasha mwili dakika 15 kabla ya mechi. Kukimbia mizunguko miwili na kupiga makofi hakutoshi.
4. Viatu viwe vya kushika pembeni, soli bapa. Raba za kukimbilia zenye kisigino kinene zinapinda kifundo. Mtumba mzuri unafaa. Soli iliyolika haifai hata kama ni ya jina kubwa.

Goti likitoa mlio, ukaanguka, na likavimba ndani ya saa chache, usimruhusu mtu akukande kwa maji ya moto. Najua bibi atasisitiza. Weka barafu, funga, inua mguu, nenda hospitali, na uombe daktari wa mifupa akuangalie. Kwa Dar es Salaam kuna taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili. Uvimbe ukishuka na ukaweza kutembea, haina maana umepona. Kano iliyokatika inakuacha utembee vizuri kabisa hadi siku utakapogeuka ghafla.

Lingine ambalo makocha wanaume hawaliulizi: hedhi ikikosekana miezi mitatu mfululizo na huna mimba, huenda unafanya mazoezi mengi kuliko unavyokula. Mifupa ndiyo inayolipa. Mwone daktari, na ongeza chakula, si "vidonge vya nguvu" vinavyouzwa kambini. Vingine vina vitu vilivyopigwa marufuku michezoni, na ukikutwa navyo adhabu ni yako.

Fedha, kwa ufupi

Posho ya kambi si mshahara. Usiikopee simu. Fungua akaunti ya benki kwa jina lako, si la kaka, na kama huna mwajiri jiunge na mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, kwa hiari. Tanzania, Kenya na Uganda wanapokea wanachama wa namna hiyo. Ukisajiliwa nje, ndugu watakuwa wengi ghafla. Amua kiasi cha kutuma nyumbani kabla hujapanda ndege, ukitangaze, usikivuke.

Maswali yanayorudi

"Dini na mavazi?" Zanzibar wanawake wanacheza na hijabu na suruali, na wanachukua makombe. Mkuu wa timu aongee na waandaaji kabla ya mashindano, si asubuhi ya mechi. Hijabu ya michezo isiyotumia pini ndiyo salama.

"Mchumba hataki." Mweleze ratiba ya mwaka mzima, safari na kambi. Akikataa ratiba sasa, ataikataa na baada ya ndoa. Uamuzi ni wako.

"Kocha anataka niende kwake usiku kuongea habari za timu." Usiende. Mwambie mzazi, kiongozi wa kike wa timu, au dawati la jinsia polisi. Hakuna namba ya jezi inayodai hivyo, na kama timu hiyo inadai hivyo, ziko timu nyingine.

"Nikiacha kucheza nitafanya nini?" Anza uamuzi ungali mchezaji. Nchi zetu zina upungufu wa waamuzi wanawake wenye madaraja ya juu, na mwamuzi mzuri husafiri miaka mingi kuliko mchezaji. Kozi za ukocha na uamuzi za chama hutangazwa kwa viongozi wa mikoa. Waulize kila robo ya mwaka. Diploma ya ualimu wa elimu ya michezo nayo ina soko.

"Nina miaka 25, sijawahi kuitwa kambi ya taifa, sina ajira. Niendelee?" Cheza, kwa sababu unapenda na kwa afya yako, lakini acha kulijengea maisha hilo. Tafuta kazi au fani mwaka huu, na ikiwezekana iwe kwenye taasisi yenye timu. Mwenye kazi akicheza vizuri SHIMUTA huonekana. Anayekaa nyumbani akisubiri kuitwa haonekani na mtu, na kila mwaka unaopita kuna binti wa miaka 18 aliyetoka UMISSETA na cheti chake mkononi. Peleka maombi Jumatatu.